Muulize kwanza: wewe mwenyewe utakuwepo?

Wapendwa habari zenu. Huku kwetu Mbeya Pasaka ikishapita tu ndoa zinafunguliwa makanisani, mpunga wa Kyela na mahindi vinaanza kuvunwa, watu wanashika hela kidogo, basi kuanzia Mei mpaka Septemba kila Jumamosi ni sendofu, kichen pati, harusi, mara ubatizo. Wiki hii nimeulizwa na watu watatu, "dada unamjua mpishi mzuri?", "dada nirushie namba ya kameramani". Nikaona badala ya kurusha namba niandike yaliyonikuta mimi, maana namba za kurushiwa ndizo zilizotuponza.

Juni 2024 tulikuwa na sendofu ya mdogo wetu wa mwisho. Kwenye kamati mimi nilikuwa katibu na ndio mimi niliyetafuta watu wote, mpishi, mapambo, MC, mziki, kameramani, keki. Kama mnavyojua ahadi ni kitu kimoja na hela mkononi ni kitu kingine, kwenye daftari tulikuwa na ahadi milioni 7 na laki 4, lakini wiki mbili kabla ya shughuli mweka hazina alikuwa ameshika milioni 4 na laki 8 tu, na wengine walikuwa wanasema watatoa ukumbini. Sasa ukiwa na hela ya namna hiyo unatafutaje watu? Unamtafuta yule anayekubali advansi ndogo. Kila niliyempigia nilianza na swali hilohilo, utakubali tuanze na shilingi ngapi, anayesema nusu kwa nusu namuacha, anayesema "aa dada yangu hata elfu 50 tuma tu nikushikie tarehe" huyo ndio namuona mtu mwema anayetuelewa.

Nimekuja kulielewa hili baadaye na ndilo linalonifanya niandike. Elfu 50 haimshikii mtu tarehe. Mtu anayechukua elfu 50 kwako amechukua elfu 50 nyingine kwa watu wa Tunduma na nyingine kwa watu wa Chunya, Jumamosi ileile, halafu siku ikifika anaenda mwenyewe kule kwenye hela nyingi, kwako anatuma kijana. Wala hakuibii, kijana anakuja, vyombo vinakuja, kila kitu kwenye orodha kipo. Ila yule uliyeongea naye, uliyeona kazi zake, uliyeonja chakula chake, hayupo.

Nianze na chakula maana ndicho watu walichokisema mpaka leo.

Mpishi tulimpata kupitia rafiki wa shemeji. Mama mmoja mcheshi ana ofisi yake mjini, tulienda watu wanne wa kamati kuonja, akatuwekea pilau, wali mweupe, ndizi, nyama ya mchuzi, kuku, mboga za majani, kachumbari. Jamani kile chakula kilikuwa kitamu, mwenyekiti wetu aliongeza sahani. Tukatoka pale tumekubaliana elfu 12 kwa sahani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba pale amepika sufuria ya watu sita, kwenye jiko la gesi, kwa mkono wake mwenyewe, na sisi tunataka chakula cha watu 240 kitakachopikwa uani nyuma ya ukumbi usiku wa mwezi wa sita.

Siku yenyewe saa 8 mchana nikapita ukumbini kuangalia mapambo nikawakuta vijana watano jikoni, mama hayupo. Nikampigia akasema yuko njiani, "usiwe na wasiwasi mdogo wangu, hao ndio timu yangu". Kiongozi wao alikuwa kijana mmoja mpole sana, kumuuliza akaniambia ametoka Dar wiki ileile kuja kusaidia kazi za msimu. Simlaumu yule kijana hata kidogo, na naomba mnielewe hapa. Yeye alipika kama anavyopika Dar. Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huku yanachemka kwenye nyuzi kama 94 hivi, hayafiki 100 kama pwani, kwahiyo unayaona yanatokota lakini moto ulioko ndani ya sufuria ni mdogo kuliko unavyodhani. Mama yeyote wa huku anajua maharage na nyama ya ng'ombe inabidi viwahi jikoni, hata kama hajui kwanini. Yule kijana kabandika nyama saa 9, kwa hesabu ya Dar ingekuwa tayari saa 11 na nusu, huku kwetu saa 1 usiku ilikuwa bado unavuta na meno.

Halafu ikaja baridi. Juni na Julai usiku huku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na wao walikuja na masufuria makubwa yale ya kupangia chakula mezani lakini vile vikopo vya moto vya kuweka chini vilikuwa vinne kwa masufuria 11. Wageni wameitwa mezani saa 3 na nusu. Nilisimama karibu na baba zangu wadogo waliotoka Kyela, nikaangalia sahani ya mmoja wao, mafuta ya mchuzi yalikuwa yameganda meupe pembeni ya wali kama mshumaa uliomwagika, akawa anayasogeza taratibu na kijiko ili asinitie aibu, akala wali na kachumbari, nyama akaiacha. Hakusema neno. Mama mkubwa ndiye aliyesema, na alisema kwa wiki tatu.

Na chakula kiliisha kabla ya meza nne za mwisho. Hapa kosa ni langu na nalisema wazi ili lisimkute mwingine. Mpishi aliniuliza kadi ngapi nikamwambia kadi 150, nikampa na idadi ya watu 240, yeye kijana akaandikiwa "150" kwenye karatasi. Kadi zetu zilikuwa 60 singo na 90 dabo, sasa dabo moja ni watu wawili, 60 jumlisha 180 ni 240. Usimtajie mpishi idadi ya kadi kabisa, mtajie vichwa, na uongeze wanakamati, watu wa mziki, madereva, wapambaji, kameramani, walinzi wa ukumbi, maana hao wote watakula na hakuna kadi yenye majina yao. Kwetu walikuwa 27.

Mama mwenyewe alifika saa 4 usiku na gari, akitokea shughuli nyingine.

Sasa kameramani. Hili ningeweza kuliruka maana bado linaniuma lakini ndilo kubwa kuliko chakula, chakula watu watasahau.

Bibi yetu mzaa mama alitoka Busokelo asubuhi na mapema kuja kwenye sendofu. Alikuwa na miaka zaidi ya 80, miguu ilikuwa imeshachoka, tulimwambia asije akasema huyu ni mjukuu wake wa mwisho kuolewa na hawezi kubaki. Ilipofika zamu ya wazee akainuliwa, wajukuu wawili wanamshika huku na huku, akamfuata binti alipokaa, akaweka mkono juu ya kichwa chake bila kujali lile taji, akaanza kumuombea kwa Kinyakyusa. Hakutumia maiki. Ukumbi mzima ulinyamaza mwenyewe, hata wale vijana wa nje waliokuwa wanaongea walinyamaza. Aliomba kama dakika nne, akataja majina ya watu waliokufa zamani mimi hata siwajui, mwisho akasema ndaga, ndaga fijo, akampapasa shavu.

Nikageuka kumtafuta kameramani. Hayupo. Tulikuwa tumelipia wawili, wa picha na wa video, kaja kijana mmoja mwenye kamera moja anafanya vyote, memori kadi imejaa katoka nje kwenye gari kutafuta nyingine. Aliporudi bibi ameshakaa chini.

Bibi alifariki Novemba mwaka huohuo. Kwenye albamu tuliyopewa bibi yumo kwenye picha moja tu, yuko meza ya nyuma anaangalia pembeni, nusu ya uso imefunikwa na chupa ya maji. Mdogo wangu aliniuliza kwa simu kutokea kwake Songea, "dada hakuna mtu aliyechukua hata kwa simu?", nikakosa la kumjibu, maana sisi wote tulizima simu zetu kwa sababu MC alitangaza tuwaachie nafasi wapiga picha.

Yule kameramani mwenye kazi nilimfuata. Shemeji yangu mmoja anaijua sheria akaniambia kwa Sheria ya Mikataba hata makubaliano ya mdomo ni mkataba, shida ni kuthibitisha, na tangu 2015 tuna sheria ya miamala ya kielektroniki inayokubali meseji kuwa ushahidi. Nikarudi kwenye WhatsApp nikakuta sehemu ameandika mwenyewe "nitakuwepo mimi na mwenzangu saa 10 jioni, kamera mbili". Nilimpigia picha hiyo meseji nikamrudishia, sikumtukana, siku ya tatu akarudisha laki moja na nusu. Hela ile ilinisaidia nini sasa? Lakini nilijifunza kwamba laiti tungekuwa tumeongea kwa simu tu nisingepata hata hiyo. Tangu siku hiyo nikimaliza kuongea na mtu kwa sauti namtumia ujumbe, "kwahiyo kaka tumekubaliana hivi na hivi, utakuja wewe fulani, saa fulani, na vitu hivi, ni sawa?", nasubiri ajibu "sawa". Neno moja hilo tu.

Mwaka uliofuata mwanangu alikuwa anapata kipaimara. Nikamwambia mume wangu safari hii hatuanzi na ukumbi wala kadi, tunaanza na watu. Na tukapunguza wageni, tukasema 120 vichwa, tufanyie nyumbani hapahapa Uyole uani, ile hela ya ukumbi tuwalipe vizuri watu wachache tunaowataka wafike wenyewe.

Mpishi nilimpata msibani. Jirani yetu alifiwa na baba yake, nikawa nimeenda kusaidia kama kawaida, kulikuwa na mama mmoja wa jumuiya ya kanisa anaongoza sufuria. Hakuna sehemu utakayomjua mpishi kama msibani, hakuna idadi ya watu, hakuna bajeti, kuni mbichi, mvua inanyesha, na watu wanakula saa 7 na saa 2 siku tatu mfululizo. Nilimuangalia siku mbili. Wali wake ulikuwa unatoka mmojammoja mpaka chini ya sufuria, haukushika moto, na yeye alikuwa wa mwisho kula. Kabla watu hawajapakuliwa alikuwa anapita na kijiko anaonja kila sufuria, hata ile ya chai. Kumbe anapika shughuli kwa malipo, hana ofisi, hana ukurasa wa picha mtandaoni, anajulikana kwa mdomo tu. Baada ya arobaini nikamfuata kwake.

Na hapa ndipo nilipoona tofauti. Kwenye sendofu hakuna mtu aliyeniuliza swali zaidi ya "tarehe ngapi na bajeti yenu ikoje". Huyu mama alikuja nyumbani, akakataa hata soda kwanza, akasema nionyeshe nitakapopikia. Akauliza maji yanatoka siku zote au kwa mgao, upepo jioni unatokea upande gani, akasogeza mafiga yangu nyuma ya ukuta wa choo cha nje maana pale palikuwa pakavu na pamekingwa. Akauliza ibada inaisha saa ngapi na mchungaji wenu huwa anachelewesha? Akauliza wazee ni wangapi, kwasababu wazee inabidi ndizi zao zichemshwe zaidi na nyama ipikwe pembeni. Akapiga hesabu pale pale bila daftari, mchele wa Kyela kilo 18 maana na ndizi zipo, nyama kilo 30 ni robo kwa kichwa, mikungu minne ya ndizi, nyama inabandikwa saa 1 asubuhi tusidanganyane. Mwisho kabisa mimi nikamuuliza lile swali langu, mama, wewe mwenyewe utakuwepo? Akaniangalia kama nimemuuliza kitu cha ajabu. "Sasa nani atapika?"

Nilimlipa nusu palepale kwenye M-Pesa, hela yangu mwenyewe, sikusubiri michango. Kwa mpishi na mpiga picha kopa, uza kuku, lakini lipa nusu mapema, mtu akishika nusu anajua ana kazi yako, na iliyobaki igawe, robo asubuhi akishafika na wewe umemuona kwa macho, robo akishamaliza. Hiyo robo ya asubuhi usimpe msaidizi aje kuipokea. Anayeipokea awe yuleyule.

Mpiga picha safari hii nilimfuata kwenye harusi ya watu wengine, niliomba ruhusa kwa ndugu wa bwana harusi nikakaa nyuma saa moja. Sikuangalia picha zake, niliangalia anasimama wapi wazazi wanapoinuka. Alikuwa tayari ameshafika mbele kabla MC hajawaita. Begi lake lina betri tatu na kadi nne, aliniruhusu nizihesabu. Nilimpa karatasi yenye majina ya wazee saba ambao sitaki wakosekane, akaikunja akaiweka mfuko wa shati.

Mengine sitaongea sana. Keki, kama inatoka mjini kuja Uyole au inaenda mbali kama Tukuyu, mwambie aje kuipangia ghorofa palepale, matuta ya barabara kuu yameua keki nyingi. Soda, kreti moja ni chupa 24, ongea na muuzaji kwa maandishi kwamba kreti isiyofunguliwa anaipokea na kurudisha hela, na mkabidhi mtu mmoja tu kuhesabu chupa tupu usiku uleule, kesho yake utakuta watoto wameshazibeba. Mapambo hakikisha wanamaliza kabla ya saa 6 mchana, wapambaji wakichelewa kila kitu kinachelewa. Kama mnafanyia nje miezi ya mvua, Novemba mpaka Aprili, uliza turubai lina kuta za pembeni, mvua yetu haitoki juu tu.

Ila la ndugu lazima niliseme. Kila ukoo una binamu ana spika, kuna shangazi anapika keki, na usipowapa kazi ni ugomvi. Kwenye sendofu mziki tulimpa binamu, bei ya undugu, akachelewa saa mbili na hakuna aliyeweza kumuuliza maana hata advansi hatukumpa. Kwenye kipaimara nilienda kwa baba mkubwa kwanza, kwa heshima, nikamueleza, baba, nataka huyu kijana wako apige mziki lakini nataka nimlipe bei kamili kama mtu baki, na tuandikishane kama mtu baki, naomba wewe uwe shahidi. Baba mkubwa akamuita mbele yangu akamwambia umesikia. Siku ya kipaimara binamu alifika saa 3 asubuhi, kabla hata ya maturubai.

Tulikula saa 8 na robo mchana, chakula cha moto. Mama mkubwa, yuleyule, alikula kimya akarudi kuongeza ndizi. Mwanangu alipopiga magoti na kuombewa na babu yake mpiga picha alikuwa ameshapiga goti upande wa pili, nilimuona, nikaweza kufumba macho na mimi nikaomba.

Jioni watu wameshaondoka nikawa nakusanya viti, yule mama mpishi akanifuata na kiroba kidogo amekifunga juu kwa kamba ya mgomba. Kilo 2 na kidogo za mchele, ulibaki. Akasema "huu ni wako mama, nimeupima", akataka kuondoka, nikamwambia mama subiri robo yako, akacheka akasema alikuwa ameshaisahau. Septemba mdogo wetu wa kiume anaoa, tarehe yenyewe upande wa binti bado hawajaithibitisha, lakini yeye nimeshampigia, kaniambia mwezi huo ana Jumamosi mbili tu, nimewatumia wakwe hizo mbili wachague.